Kurekebisha hesi zilizoharibika kwenye shafti ya altaneta

Hesi za shafti ya altaneta (kifaa cha gari kinachochaji betri), yaani yale meno yanayokamata nati ya puli (gurudumu la mkanda), mara nyingi huharibiwa na nyundo wakati puli inapogoma kutoka, na ukitazama kwa karibu utaona ncha ya shafti imetanuka kama uyoga huku meno mawili au matatu ya mwanzo yakiwa yamelala. Kabla ya kufikiria kununua shafti mpya, tenganisha kwanza waya hasi wa betri, kisha fungua altaneta, funika beringi kwa kitambaa ili chembe za chuma zisiingie, na usugue hesi kwa brashi ya waya.

Pima umbali wa jino hadi jino kwa kipimo cha hesi. Mara nyingi huwa milimita 1.5, lakini usikisie. Chonga ncha iliyotanuka kwa tupa mpaka irudie kipenyo chake, halafu inua meno yaliyolala kwa tupa ya pembetatu, ukifuata mfereji uliobaki mzima. Kisha pitisha dai, yaani kifaa chenye meno ndani kinachozungushwa juu ya hesi; dai ya kurekebishia hesi inafaa kuliko dai ya kukatia, kwa kuwa hii ya pili hupunguza chuma ambacho tayari ni kichache. Tia mafuta, zungusha dai nusu mzunguko mbele na robo nyuma.

Nati mpya ikiingia kwa vidole hadi mwisho, kazi imekamilika. Ikiwa inachezacheza, meno yameliwa mno na shafti hiyo ibadilishwe, kwa sababu puli inayolegea injini ikinguruma ni hatari.