Kabla ya Muhula wa Julai: Maswali ya Kumjengea Mtoto Utaratibu wa Kila Siku

Mzazi wa Mbeya, Iringa au Njombe anayetaka mtoto wake aanze muhula wa Julai akiwa na utaratibu mzuri anapaswa kujiandaa angalau wiki mbili kabla, kwa sababu huo ndio msimu wa baridi kali katika nyanda hizi, na ni vigumu kumzoesha mtoto jambo jipya asubuhi ambayo maji ya ndoo yanauma vidole. Njia ninayoipendekeza ni kumuuliza maswali machache, yaleyale, kwa wakati uleule kila siku. Hata hivyo, swali halina nguvu ikiwa kitu kinachoulizwa hakijaandaliwa, na hapo ndipo wengi wetu tunapokosea.

Kwanza, lichague swali lenyewe kwa uangalifu. Ukiuliza "Umepiga mswaki?" mtoto hujibu "ndiyo" hata kama mswaki ni mkavu, na akikemewa anajifunza kuficha. Afadhali aulizwe jambo ambalo jibu lake atalipata kwa kuangalia au kugusa. Chukua sweta la shule: likifuliwa Jumamosi mchana mwezi Julai, kukiwa na ukungu, laweza kuamkia Jumatatu likiwa bado na unyevu mikononi na kwapani. Mtoto wa darasa la pili akiulizwa Jumapili mchana, "Mwanangu, sweta limekauka?", ataliendea kambani, atalibinya penye ncha ya mkono, ataligusisha shavuni, kisha atarudi na jibu lake mwenyewe: "Mama, hapa bado." Ameshaanza kukagua vitu vyake, nawe una muda wa kulihamishia jikoni kabla giza halijaingia. Kwa hiyo, funga mapema kamba anayoifikia, na ukiweza tafuta sweta la pili, hata la mtumba.

Kuhusu usingizi, mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji saa 9 hadi 12 kwa siku, hivyo anayeamka saa 11:30 alfajiri anapaswa kuwa amelala ifikapo saa 2:30 usiku. Aliyezoea kukesha wakati wa likizo asogezewe muda kidogo kidogo, kwa mfano dakika 15 kila baada ya siku mbili. Wanyakyusa tayari wana swali la asubuhi, "Ugonile?", yaani "Umelala?", na ningependa mzazi alichukue kwa uzito wake na kusubiri jibu, kwani mtoto anayesema aliamka kwa baridi ametoa taarifa ya blanketi lisilotosha.

Chakula kinataka uangalifu zaidi. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022 ulikuta zaidi ya nusu ya watoto wa chini ya miaka mitano mkoani Iringa wamedumaa, na huo ni mkoa unaovuna mahindi, viazi na maharage kwa wingi. Jioni uliza, "Kesho uji wetu tutautia nini?", ukiwa umeshaweka karanga zilizosagwa au maziwa, na mdogo wake aliyebaki nyumbani ale uji huohuo. Maji ya moto yaliyohifadhiwa kwenye chupa ya chai tangu usiku yatamwondolea mtoto sababu ya kukwepa kunawa uso na mikono kwa sabuni.

Swali la mwisho la siku aachiwe mtoto amuulize mzazi: "Baba, jiko liko nje?" Jiko la mkaa likiingizwa chumbani ili kuleta joto, madirisha yakiwa yamefungwa, hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu inayoweza kuua watu wakiwa usingizini. Mfundishe kuuliza hivyo kabla baridi haijakolea, na kila anapouliza, hata kama una hakika, inuka uende naye mlangoni mkalitazame.