Uwanja wa kuku: ondoa maji kwanza, ndipo utandaze

Mfugaji wa kuku wa kienyeji au chotara hapa Morogoro anapokuja kuulizia matandazo ya uwanjani, mara nyingi mvua za masika zimeshaanza, uwanja umegeuka tope na kuku wanaharisha. Anataka kujua amwage maranda au pumba za mpunga. Ukweli ni kwamba wakati huo chochote atakachomwaga kitapotea. Tope litameza gunia la kwanza na la pili, na baada ya wiki moja utakuwa na tope lilelile, ila sasa limechanganyika na pumba na kinyesi.

Anza na paa la banda. Mvua ya milimita 1 ni sawa na lita 1 ya maji kwa kila mita ya mraba. Kwa hiyo banda lenye paa la mita 3 kwa 4, likinyeshewa milimita 30 usiku mmoja, linamwaga lita 360 za maji, yaani madumu 18 ya lita 20, palepale mlangoni kuku wanapojazana asubuhi. Funga gata, hata ya bati kuukuu lililokunjwa au bomba la plastiki lililopasuliwa katikati, maji yaende kwenye pipa au bustanini. Upande wa juu wa uwanja chimba mtaro wa kuyakinga maji ya mteremko yasikatize ndani. Uwanja wenyewe uinamie upande mmoja, sentimita 2 au 3 kwa kila mita zinatosha. Kama uko bondeni, jaza kifusi, weka changarawe juu yake, kisha udongo. Kazi yote hii ni ya kiangazi.

Unyevu unaogopwa kwa sababu ya kuhara damu. Vimelea vya ugonjwa huu, koksidia, hutoka na kinyesi vikiwa bado havijawa tayari kuambukiza. Vinahitaji joto, hewa na unyevu, na vikivipata, siku moja au mbili zinatosha kuviivisha, kisha vinaweza kukaa ardhini kwa miezi. Kuku kazi yake ni kuchakura na kudonoa, basi atavimeza tu. Wanaoumia zaidi ni vifaranga wa wiki 3 hadi 6, ndiyo maana hawatakiwi kuachiwa kwenye uwanja waliokwisha kuuchafua wakubwa. Na anayefuga batamzinga asiwachanganye na kuku wala kuwahamishia kwenye uwanja wa kuku: kuna minyoo midogo ya kuku inayobeba ugonjwa wa ini unaowaua batamzinga, na mayai yake hudumu kwenye udongo kwa miaka.

Wengi hupenda uwanja wa majani mabichi. Ni mzuri kweli, lakini unadai nafasi. Kuku 20 kwenye eneo la mita 5 kwa 6 watang'oa ukoka wote mpaka mizizi. Sheria za Umoja wa Ulaya zinadai mita 4 za mraba kwa kila kuku ambaye mayai yake yanauzwa kama ya kuku wa kufugwa huria, na hata kwa nafasi hiyo sehemu iliyo karibu na mlango hubaki kipara. Ukiwa na eneo la kutosha, ligawe vipande 3 au 4, otesha ukoka, na uwahamishe kuku majani yanapoliwa yakabaki urefu wa kidole, usisubiri udongo uonekane. Kipande kilicholiwa kipumzike wiki 4 hadi 6 wakati wa mvua, na zaidi wakati wa kiangazi. Mwenye eneo dogo asijilazimishe. Anaweza kutengeneza fremu ya mbao yenye kimo cha sentimita 10 hivi, aigongomee wavu wa chuma juu na kuilaza juu ya majani: kuku watadonoa ncha zinazochomoza bila kuifikia mizizi.

Kwa uwanja mdogo, ushauri wangu ni matandazo makavu na mazito. Maranda ya seremala ni bora kuliko vumbi la mbao, kwa sababu vumbi hushika maji, hugandamana na kuwasumbua kuku kwenye kupumua. Muulize fundi kama mbao zilitiwa dawa. Kama zilitiwa, mwachie. Pumba za mpunga, zile ngumu za maganda, si laini za kulishia, hupatikana kwa bei nafuu kwenye mashine za kukoboa Ifakara na Dakawa, ila ni nyepesi mno, upepo na maji huzibeba. Zichanganye na maranda au zitumie chini ya paa. Majani makavu ya mwembe hayana gharama na kuku huyapenda kwa kuchakura. Nyasi ndefu zikatwe fupi, maana nyuzi ndefu hukwama kwenye gole, ule mfuko wa chakula ulio shingoni. Usitumie magunzi wala maganda ya karanga yaliyoota ukungu: yanaleta sumukuvu, na vumbi la ukungu huharibu mapafu. Mahali pa vyombo vya maji weka mchanga mkubwa wa mto. Wa bahari una chumvi.

Unene uwe sentimita 10 hadi 15. Kuku mmoja mkubwa hutoa zaidi ya gramu 100 za kinyesi kwa siku, kwa hiyo kuku 20 wanakumwagia zaidi ya kilo 2 kila siku. Geuza matandazo kwa reki angalau mara moja kwa wiki, au tupa konzi chache za mtama waligeuze wenyewe. Shika matandazo mkononi uyabane: yakibaki donge, ni mabichi, ondoa sehemu hiyo na uongeze makavu, yakilegea na kuachana taratibu, yako sawa, yakipeperuka kama vumbi, yamekauka kupita kiasi. Halafu chuchumaa mpaka kimo cha kuku. Macho yakikuwasha hapo kwa harufu kali ya kinyesi, kuku anaishi na hewa hiyo mchana kutwa. Usikimbilie kunyunyiza chokaa juu ya matandazo mabichi, kwani huzidisha harufu hiyo, na chokaa kali huunguza nyayo.

Tenga kona kavu yenye kiezeko, weka mchanga uliochanganywa na jivu la kuni, kuku waogee vumbi. Ni msaada mkubwa dhidi ya chawa na utitiri.

Matandazo yaliyochoka ni mbolea, lakini bado ni makali. Yarundike, yalowanishe kidogo, yageuze kila baada ya wiki mbili kwa miezi 2 hadi 3 kabla ya kuyapeleka shambani. Yasiwekwe mabichi kwenye mboga za kachumbari, kwa sababu vijidudu vya salmonela hupita moja kwa moja kutoka kwenye kinyesi hadi mezani.