Kupima Unyevu na Mwendo wa Maji Udongoni kwa Vihisi

Kihisi cha unyevu hakipimi maji moja kwa moja. Vihisi vya aina ya kapasita, ambavyo ndivyo vya bei nafuu, hupima kiwango cha dielektriki, yaani jinsi udongo unavyoitikia uga wa umeme: maji yana kiwango cha karibu 80, chembe kavu za madini kati ya 3 na 5, na hewa 1. Tofauti hiyo kubwa ndiyo inayotuwezesha kukadiria maji, lakini tarakimu inayoonekana kwenye skrini ni tafsiri tu, na tafsiri ya kiwandani haikuandaliwa kwa udongo wa shamba lako.

Anza na ufungaji, kwa sababu kosa la hapa halirekebishiki baadaye kwa hesabu. Chimba shimo kando ya mahali unapotaka kupima, kisha sukuma kihisi kwa ulalo ndani ya ukuta wa shimo ambao haujavurugwa, kwenye kina cha mizizi, bapa lake likiwa limesimama kwa ukingo ili maji yasituame juu yake. Usikitikise unapokipenyeza, kwani hata mwanya mwembamba wa hewa hushusha usomaji. Udongo mweusi wa mbuga una hila yake: ukikauka hupasuka, na ufa ukipita kwenye kihisi kitaonyesha ukavu uliokithiri, kisha mvua ikiujaza ufa huo kitaonyesha unyevu mwingi kuliko uliopo. Katika udongo wa namna hiyo mimi hufunga vihisi vitatu, wala siamini kimoja.

Sasa linganisha kihisi na mizani. Pigilia pete ya chuma yenye ujazo wa sentimita za ujazo 100 karibu na kihisi, ikate vizuri juu na chini, na uandike usomaji wa wakati huohuo. Pima udongo ukiwa mbichi, ukaushe kwenye oveni kwa nyuzijoto 105 za Selsiasi kwa saa 24, kisha upime tena. Tuseme umepata gramu 178 na kisha 142, uzito wa pete ukiwa umeondolewa: maji ni gramu 36, hivyo unyevu kwa ujazo ni asilimia 36, na uzito wa udongo mkavu kwa ujazo ni gramu 1.42 kwa kila sentimita ya ujazo. Rudia shamba likiwa limelowa, likiwa la wastani na likiwa kavu, chora nukta hizo dhidi ya usomaji wa kihisi, na mstari utakaopita katikati yake ndio tafsiri yako. Soma alfajiri siku zote, maana joto huyumbisha vihisi hivi, na usifanye ulinganisho huu mara baada ya kuweka mbolea ya chumvichumvi.

Unyevu peke yake hauelezi maji yanaelekea wapi. Kwa hilo tumia tensiometa mbili, yaani mirija ya maji yenye kikombe cha kauri chini na geji juu inayoonyesha nguvu ambayo udongo unayavuta maji, moja ya kina cha sentimita 30 na nyingine ya 60. Loweka vikombe vyake vya kauri usiku kucha, jaza maji yaliyochemshwa na kupozwa, na ufunge geji zote mbili kwa kimo kilekile juu ya ardhi. Kimo hicho kina faida ambayo wengi huipita: safu ya maji iliyo ndani ya mrija huongeza kwenye geji takriban kilopaskali 1 (kipimo cha shinikizo) kwa kila sentimita 10, kwa hiyo tarakimu za geji zikilinganishwa zilivyo, maji huelekea upande wenye tarakimu kubwa. Ile fupi ikisoma 24 na ndefu 21, maji yanapanda. Tofauti ya kilopaskali 3 ni kama sentimita 30 za maji katika umbali wa sentimita 30, yaani mteremko wa 1. Geji ikikaribia 80 hewa huanza kuingia, na usomaji haufai tena.

Kwa kanuni ya mhandisi Mfaransa Henry Darcy ya mwaka 1856, kasi ya mtiririko ni mteremko huo ukizidishwa kwa upitishaji wa udongo, yaani wepesi wake wa kupitisha maji. Upitishaji wa udongo uliolowa kabisa hukadiriwa kwa pete mbili zilizozamishwa ardhini, ya ndani na ya nje, zikijazwa maji hadi kina cha maji kwenye pete ya ndani kianze kushuka kwa kasi isiyobadilika. Usiitumie tarakimu hiyo udongo ukianza kukauka, kwa sababu vinyweleo vikubwa, yaani nafasi kati ya chembe za udongo, hutangulia kuingiwa na hewa, na upitishaji huporomoka mara kumi au zaidi hata kabla mmea haujaonyesha dalili ya kiu.