Namna ya Kutathmini Mradi wa Elimu: Mwongozo kwa Asasi Ndogo za Moshi

Asasi nyingi ndogo zinazofanya kazi katika shule za msingi za Moshi huandika ripoti ya mwaka kwa mtindo mmoja: idadi ya watoto waliohudhuria, idadi ya vitabu vilivyogawiwa, idadi ya walimu waliopewa mafunzo, na picha ya wanafunzi walioshika vitabu mbele ya darasa lililopakwa rangi upya. Hesabu hizo ni za lazima, maana mfadhili ana haki ya kujua fedha zimekwenda wapi, lakini zinaeleza kazi iliyofanyika tu. Tathmini hujibu swali gumu zaidi: watoto hawa wangekuwa wamefikia wapi leo kama mradi usingekuwapo? Mfano tutakaoutumia hapa ni mradi wa kusoma baada ya vipindi kwa wanafunzi wa darasa la pili na la tatu katika kata kama Pasua, Njoro au Kiboriloni. Miradi ya kijamii ya aina nyingine, iwe ya vikundi vya akiba au ya kuwarudisha shuleni watoto walioacha masomo, hufuata njia hiyohiyo kwa vipimo tofauti.

Kabla ya kumwandikisha mtoto wa kwanza, andika kwenye ukurasa mmoja hatua zote zinazotarajiwa kati ya fedha na matokeo. Kitabu kinafika shuleni, kinatoka kabatini, mwalimu anakitumia, mtoto anabaki baada ya vipindi, anasoma, kisha anasoma vizuri zaidi kuliko awali. Kila hatua iwe na kipimo chake, kwa sababu mradi unaweza kukwama popote njiani huku hatua zilizotangulia zikionekana safi. KiuFunza, mradi wa asasi ya Twaweza uliofanyiwa utafiti mwaka 2013 na 2014 katika shule za msingi 350 kwenye wilaya 10 za Tanzania, ulilionyesha jambo hili vizuri: shule zilizopewa ruzuku ya shilingi 10,000 kwa kila mwanafunzi bila kitu kingine hazikuonyesha ongezeko la kujifunza, ilhali zile zilizopewa ruzuku hiyo pamoja na bonasi kwa walimu kulingana na matokeo ya wanafunzi wao zilionyesha ongezeko la wazi. Aliyeishia kuhesabu fedha zilizofika shuleni asingeweza kuona tofauti baina ya makundi hayo mawili.

Kazi inayofuata ndiyo kiini cha tathmini yote, nayo ni kupata kundi la ulinganisho, yaani shule zinazofanana na zako ambazo bado hazina mradi. Njia iliyo imara zaidi ni kura. Kama fedha zinatosha shule nane na zilizoomba ni kumi na sita, andika majina ya shule zote kwenye karatasi, uzikunje, na uzichanganye mbele ya walimu wakuu na Maafisa Elimu Kata. Nane zianze mwaka huu, nane zilizobaki zianze mwaka ujao. Wapo watakaosema kwamba ni ukatili kumwacha mtoto asubiri. Hoja hiyo ingekuwa na uzito kama fedha zingetosha wote, lakini pale zisipotosha lazima mtu asubiri kwa vyovyote vile, na kura ya hadharani ni ya haki kuliko simu ya diwani. Mpango wa kuanza kwa zamu ulitumika huko Busia, Kenya, kuanzia mwaka 1998, ambapo shule 75 ziligawanywa katika makundi matatu yaliyopewa dawa za minyoo kwa miaka tofauti. Matokeo yake yanafaa kukumbukwa na kila anayetaka kutumia mahudhurio kama kipimo cha kujifunza: utoro ulipungua kwa takriban robo, lakini alama za mitihani hazikupanda. Isitoshe, hata watoto ambao hawakumeza dawa walinufaika kwa kuwa maambukizi yalipungua kwa jirani zao. Kwa hiyo epuka kulinganisha madarasa mawili ya shule moja, ambamo vitabu na mbinu za mwalimu huhama kutoka chumba kimoja hadi kingine.

Pale ambapo kura haiwezekani, tafuta shule zinazofanana na zako kabla ya mradi kuanza, si baada ya matokeo kutoka. Ufanano uwe wa kweli: ukubwa wa madarasa, idadi ya walimu, mazingira ya familia, na kiwango cha kusoma cha wanafunzi mwanzoni. Shule ya Pasua hailinganishwi na shule binafsi inayofundisha kwa Kiingereza, wala shule ya tambarare ya Kahe hailinganishwi kirahisi na ya Marangu kule mlimani. Mtego mkubwa zaidi ni kuwalinganisha watoto waliobaki kwenye kipindi cha ziada na wenzao walioondoka saa nane. Waliobaki huenda wana wazazi wanaofuatilia masomo na nyumba ambako hawasubiriwi kuchota maji, na hayo peke yake yangewainua hata bila mradi. Vilevile ukichagua watoto waliofanya vibaya zaidi katika jaribio moja, wengi wao watapanda katika jaribio la pili hata usipofanya lolote, kwa sababu baadhi walikuwa wagonjwa au wenye njaa siku ile.

Kupima kabla na baada bila kundi la ulinganisho ndiko kunakopotosha wengi. Tuseme mwezi Februari watoto wa mradi walisoma kwa wastani maneno 22 kwa dakika, na mwezi Oktoba wakasoma 41. Ripoti ya haraka ingejivunia ongezeko la maneno 19. Lakini tuseme shule za ulinganisho nazo zilitoka 24 hadi 37, yaani ongezeko la 13, kwa kuwa mtoto wa darasa la pili hufundishwa na hukua mradi uwepo usiwepo. Mchango wa mradi basi ni 19 kutoa 13, yaani maneno 6. Mabadiliko ya sera nayo huingia humo bila kubisha hodi: mradi wowote wa uandikishaji uliolinganisha mwaka 2015 na 2016 bila kundi la ulinganisho ulijitwalia sifa za elimu bila malipo iliyoanza Januari 2016.

Kipimo chenyewe kiwe rahisi na kifanyike kwa mtoto mmoja mmoja. Karatasi ya silabi, ya maneno, ya aya fupi na ya hadithi ya kiwango cha darasa la pili inatosha, pamoja na maswali mawili ya ufahamu na saa yenye kuhesabu sekunde. Mpe kila mpimaji nafasi ya kujizoeza katika shule isiyo ya mradi, halafu wapimaji wawili wamsikilize mtoto mmoja na kulinganisha alama zao. Wakitofautiana sana, mafunzo yarudiwe. Hadithi ya Oktoba isiwe ile ya Februari. Mtoto aliyeikariri utamtambua kwa macho: kidole kiko mstari wa pili, mdomo umeshafika wa nne, naye anamtazama mpimaji usoni. Mwalimu wa darasa asikae karibu, kwani hata mwenye nia njema hujikuta akinong'ona silabi ya kwanza. Matokeo ya Upimaji wa Kitaifa wa Darasa la Nne yanaweza kuongezwa, lakini yasiwe kipimo pekee. Madaraja ya A hadi E ni mapana mno kuonyesha hatua ya mtoto aliyetoka kwenye silabi akafika kwenye sentensi.

Watoto watakaopotea katikati ya mwaka wafuatiliwe kwa majina. Familia huhama kati ya Moshi na Arusha kufuata kazi, na kama waliotoweka kwenye kundi la mradi ndio wasomaji dhaifu, wastani utapanda bila yeyote kujifunza zaidi. Kwa miradi inayohoji kaya, tarehe ni muhimu kuliko inavyodhaniwa: anayepita vijijini wiki ya mwisho ya Desemba, Wachaga wakiwa wamerudi nyumbani kwa sikukuu, atahesabu wageni, magari na matumizi ambayo hayapo mwezi Machi.

Mahojiano na wazazi na walimu hueleza sababu ambazo takwimu hazielezi, kama vile kwa nini wasichana waliacha kubaki jioni. Hata hivyo, heshima ya kwetu huleta majibu matamu. Bibi atakwambia mradi ni mzuri na Mungu awabariki, hasa akiona fulana yenye nembo ya asasi na kudhani kwamba jibu lake litaamua kama mjukuu atapata madaftari. Tumia wasaili wasiotoka kwenye mradi, wavae mavazi ya kawaida, mmoja wao ajue Kichaga, na badala ya kuuliza kama mradi ulisaidia waulize mtoto alifanya nini jana baada ya kutoka shuleni.

Kuhusu taratibu, pata kibali cha Mkurugenzi wa Halmashauri kabla ya kuingia shuleni, na mtafiti kutoka nje ya nchi apate pia kibali cha Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH). Ridhaa ya mzazi iwe ya maandishi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inawahusu pia wenye orodha za wanafunzi kwenye kompyuta ya ofisi. Tenganisha majina na alama, kila mtoto awe na namba.

Mwishoni gawanya gharama zote, mishahara na nauli zikiwamo, kwa idadi ya watoto. Mradi uliotumia shilingi milioni 12 kwa watoto 300 umetumia shilingi 40,000 kwa kila mtoto, na kwa mfano wetu hicho ndicho kilichonunua maneno 6 kwa dakika. Hesabu hiyo ipelekwe kwanza kwenye kikao cha wazazi na kamati ya shule, kwa Kiswahili, kabla ya kutumwa kwa mfadhili, nayo itajwe ilivyo hata kama tofauti ni sifuri, pamoja na hatua ambayo mradi ulikwamia, ili shule nane zinazosubiri ziamue kama ziendelee na mpango huo au zidai ubadilishwe.