Uvimbe wa Kiwele Karibu na Kuzaa: Mishipa ya Limfu na Wajibu wa Mfugaji

Mtamba anapokaribia kuzaa kwa mara ya kwanza, majimaji hujikusanya chini ya ngozi ya kiwele chake, na wakati mwingine uvimbe huenea mbele hadi kitovuni. Ukibonyeza kwa kidole gumba, kishimo hubaki pale kwa muda hata baada ya kidole kuondolewa. Wafugaji wengi hudhani kuwa hayo ni maziwa yaliyozidi, kumbe ni maji yaliyovuja kutoka katika mishipa ya damu, ambayo mishipa ya limfu (mirija inayokusanya maji hayo, yaitwayo limfu, na kuyarudisha kwenye damu) imeshindwa kuyaondoa kwa kasi inayotosha.

Mishipa ya limfu haisukumwi na moyo. Kila kipande kilichopo kati ya vali mbili (vilango vinavyofunguka upande mmoja tu) kina misuli laini inayojikaza yenyewe: kalsiamu ikiingia katika seli za misuli, kipande hunywea na kuipeleka limfu mbele, na vali huizuia isirudi nyuma. Mwaka 1976 watafiti McHale na Roddie, wakitumia mishipa iliyotolewa mwilini mwa ng'ombe, walionyesha kuwa shinikizo la ndani likipanda kiasi, usukumaji huongezeka, lakini likipita kiwango fulani usukumaji hupungua.

Juu ya shinikizo hilo kuna amri za kikemikali. Noradrenalini, inayotolewa na ncha za neva, huongeza idadi ya mikazo. Limfu inapopita kwa kasi, utando wa ndani ya mshipa hutoa oksidi ya nitriki, ambayo hulegeza misuli kwa muda mfupi ili mshipa ujae kabla ya mkazo unaofuata. Kundi la kemikali zinazotengenezwa kutokana na mafuta ya seli lina tabia mbili: thromboksani hukaza mshipa, ilhali prostaglandini E2 huulegeza. Mkazo na mlegeo vikipokezana kwa mpangilio, maji huondoka. (Asitokee mtu wa kumtisha ng'ombe wake eti noradrenalini ipande, hofu huzuia maziwa kushuka, na hasara yake ni kubwa kuliko faida yoyote.)

Mpangilio huo huvurugika bakteria wanapoingia kwenye kiwele. Seli za kinga hutoa oksidi ya nitriki kwa wingi na kwa muda mrefu, prostaglandini zinazolegeza huongezeka, na mikazo hudhoofika wakati uleule ambapo mishipa ya damu inavujisha maji mengi zaidi. Ndiyo maana kiwele chenye ugonjwa huvimba upesi kuliko mfugaji anavyotarajia. Kabla ya kila kukamua, matone ya kwanza ya kila chuchu yakamuliwe kwenye kikombe chenye uso mweusi na kuangaliwa kama yana mabonge, damu au majimaji. Kiwele chenye joto, chekundu na kinachomfanya ng'ombe arushe teke kinapoguswa kinahitaji daktari wa mifugo siku hiyohiyo, si kukandwa. Daktari anaweza kutoa dawa ya kupunguza uvimbe, inayozuia utengenezaji wa prostaglandini, pamoja na tiba ya bakteria ikihitajika. Maziwa yasiuzwe wala kunywewa mpaka muda ulioandikwa kwenye dawa umalizike.

Uvimbe usio na ugonjwa hutunzwa kwa njia nyingine. Mtamba atembezwe kila siku, kwa kuwa misuli ya miguu inapojikaza huibana mishipa ya limfu kutoka nje na kuusaidia usukumaji wake. Kiwele kikandwe kwa viganja, taratibu, kuanzia karibu na chuchu kuelekea juu na nyuma, ziliko tezi zinazopokea limfu ya kiwele. Kukanda kuelekea chini ni kuyarudisha maji yalikotoka. Katika wiki za mwisho za mimba, chumvi isizidishwe, wala malisho yenye potasiamu nyingi, kwa sababu yote mawili huufanya mwili uhifadhi maji. Chumvi isiondolewe kabisa, maana ng'ombe anaihitaji.

Uvimbe ukiwa mkubwa kiasi cha kuzitanua chuchu, daktari anaweza kushauri mtamba akamuliwe kabla ya kuzaa. Uamuzi huo usichukuliwe kwa wepesi, kwa sababu dang'a, yaani maziwa ya kwanza ambayo ndama anayahitaji, itatoka mapema. Ikitoka, ya ukamuaji wa kwanza igandishwe kwenye chombo safi, kisha iyeyushwe kwa maji ya uvuguvugu na ndama anyweshwe mara tu anapozaliwa.