Sukari inayopanda alfajiri: anza na namba ya saa tisa usiku

Ukilala na sukari ya 6 ukaamka na 9 (kwa mashine zinazosoma mmol/L), na usiku kucha hukutia kitu kinywani, usikimbilie kulaumu chakula cha jioni. Mimi naishi Ujiji, Kigoma, nauza dagaa, na kisukari changu ni aina ya pili. Kazi huniamsha saa kumi usiku ili niiwahi mitumbwi inapoingia Kibirizi. Nikijipima kabla ya kutoka nyumbani, mashine husoma sita na pointi. Nikijipima tena saa mbili asubuhi, dagaa wameshaanikwa na chai sijaigusa, nakuta imevuka nane, siku nyingine tisa. Sukari hiyo haikutoka kwenye sahani. Imetoka kwenye ini.

Kuanzia kama saa tisa usiku mwili hujiandaa kuamka. Homoni kama kotisoli na homoni ya ukuaji hupanda, na ini nalo huachia sukari ya akiba ili mtu ainuke na nguvu. Asiye na kisukari, kongosho lake huongeza insulini na mambo yanakaa sawa. Sisi insulini yetu haitoshi, au ipo lakini mwili hauitikii vizuri, basi sukari inabaki ikizunguka kwenye damu.

Ila si kila sukari ya juu ya asubuhi inatokana na hilo. Zipo sababu nyingine, na kinachomfaa mmoja kinaweza kumdhuru mwenzake. Ndiyo maana wenzangu wa sokoni wakiniuliza wafanye nini, nawaambia kabla hujaacha kula usiku, kabla hujajiongezea kidonge, ijue kwanza namba yako ya saa tisa usiku.

Chagua siku tatu za kawaida, zisiwe za harusi wala za msiba. Kila siku jipime unapokwenda kulala, weka alamu ya saa tisa ujipime tena, kisha ujipime unapoamka, kabla ya kula. Hizo ni stripu tisa, vile vijikaratasi vya kupimia vya mashine, na najua stripu zinauma mfukoni. Si lazima siku hizo zifuatane; unaweza kuzigawa ndani ya mwezi. Stripu tisa zilizopangwa zitakufundisha zaidi ya kopo zima la kujipima ovyo. Osha mikono kwa sabuni na uikaushe kabisa kabla ya kutoboa kidole. Msimu wa maembe na mananasi hili ni la kuzingatia sana, maana utomvu kidogo tu wa tunda ukibaki kidoleni mashine itakupa namba ya uongo ya juu. Kopo la stripu lifunge vizuri, lisikae penye unyevu wala juani, na utazame tarehe ya kuisha.

Andika yote kwenye daftari: saa, namba, ulichokula na saa uliyokula, dawa uliyomeza au kujichoma.

Sasa soma daftari lako. Ikiwa ulilala ikiwa juu, saa tisa iko juu, na asubuhi bado iko juu, basi tatizo lilianza jioni: chakula kilikuwa kizito au cha kuchelewa, au dawa unazopewa hazitoshi. Ikiwa ulilala vizuri, saa tisa iko vizuri, kisha asubuhi imepanda, hiyo ndiyo ya alfajiri, kama yangu. Na ikiwa saa tisa imeshuka chini ya 4, hapo simama. Huenda umeshakuwa unaamka na shuka limeloa jasho, kichwa kinauma, au unaota ndoto za kutisha. Hili huwapata hasa wanaotumia insulini au vidonge kama glibenklamidi. Mtu wa namna hii, sukari ikiwa imepanda tena kukicha, akiona 10 ya asubuhi akajiongezea dawa ya jioni, anajitafutia kuzimia usingizini. Akikuta iko chini ya 4 anywe papo hapo maji yenye vijiko vitatu au vinne vya chai vya sukari, apime tena baada ya dakika 15, na kukicha aende kliniki na daftari lake.

Kwa hiyo nawasihi wanaoacha kula usiku ili "sukari ilale chini" huku wakimeza glibenklamidi: msifanye hivyo. Dawa hiyo inashusha sukari hata kama tumbo ni tupu.

Tukirudi kwa wenye ya alfajiri, kilichonisaidia zaidi ni jioni yangu. Nakula mapema, mara baada ya swala ya Magharibi, si saa nne usiku. Ugali wetu wa muhogo ni wanga karibu mtupu, na ndio chakula chetu, siwezi kumwambia mtu wa Kigoma auache. Naumega kiasi cha ngumi yangu, basi. Nafasi inayobaki kwenye sahani naijaza sombe (kisamvu) au mchicha, na maharage au mgebuka, samaki wetu wa ziwani. Sombe yenye mawese mengi inashibisha na kunenepesha, kwa hiyo mawese nayapima kwa kijiko, simimini kutoka kwenye chupa. Nikimaliza kula natembea mtaani kama nusu saa na jirani yangu. Misuli inayofanya kazi huivuta sukari kutoka kwenye damu. Baada ya hapo ni maji tu hadi kulala.

Usingizi nao una nafasi yake. Ukilala kidogo, au ukilala na mawazo, kotisoli hupanda zaidi. Mimi naamka saa kumi, basi saa tatu usiku niko kitandani, hata kama wageni bado wanaongea barazani.

Asubuhi usikae na njaa hadi mchana ukidhani ndiyo itashuka. Kwangu ini huendelea kutoa sukari mpaka nile. Nakula kipande kidogo cha gimbi la kuchemsha, na maharage au yai, na chai isiyo na sukari. Uji wa sukari na maandazi saa hiyo ni kuongeza juu ya kilichokwisha kupanda.

Dawa ni kazi ya daktari, ila mpe cha kufanyia kazi. Nilipopeleka daftari, yule wa kwangu alihamishia kidonge kimoja cha metformini kwenye mlo wa jioni, kwa sababu metformini hulipunguzia ini kasi ya kutoa sukari. Anayejichoma insulini ile yenye ukungu kwenye chupa (NPH) wakati wa chakula cha jioni huweza kuhamishiwa muda wa kulala, kwa kuwa ukichoma mapema nguvu yake hufika kileleni katikati ya usiku na kupungua alfajiri inapohitajika. Usijihamishie mwenyewe. Mtaje pia kila unachotumia kando: mizizi ya kuchemsha, au prednisoloni uliyopewa kwa pumu, maana hiyo hupandisha sukari. Homa nayo hupandisha. Na kabla ya Ramadhani nenda wakupangie dawa upya, kwa ajili ya daku na futari.

Muulize lengo lako. Watu wazima wengi huambiwa kati ya 4.4 na 7.2 kabla ya kula. Mzee sana au mjamzito hupewa lake. Omba na kipimo cha HbA1c, kinachoonyesha wastani wa kama miezi mitatu. Kikiwa kizuri, 8 ya asubuhi moja isikunyime raha. Kikiwa juu huku namba za mchana ni nzuri, mfungulie daktari ukurasa wa saa tisa usiku.