Nyanya kwa mbwa: ipi ale, ipi asile

Mbwa wengi wa huku kwetu hula ugali uliochanganywa na mabaki ya mchuzi, kwa hiyo nyanya haikwepeki. Jibu fupi: nyanya iliyoiva haina neno. Kinachonitia wasiwasi ni mmea wenyewe huko bustanini na kitunguu huko jikoni.

Hatua ya 1. Tazama rangi. Nyanya, kama ndugu zake kiazi mviringo na bilinganya, hujitengenezea sumu ya kujikinga na wadudu. Ya nyanya huitwa tomatini. Imejaa kwenye majani, shina na tunda la kijani. Tunda likiiva, hupungua hadi kubaki kidogo mno. Mpe iliyo nyekundu mpaka kwenye kikonyo. Yenye mabega ya kijani iache iive kwanza.

Hatua ya 2. Toa kikonyo, osha. Nyanya za sokoni mara nyingi huja na vumbi jeupe la dawa ya ukungu. Zisugue kwa mkono kwenye maji yanayotiririka.

Hatua ya 3. Anza na kipande kimoja. Subiri hadi kesho. Akiharisha, achana nayo. Hakuna mbwa aliyekonda kwa kukosa nyanya. Asipodhurika, vipande viwili vitatu vinamtosha mbwa wa kilo 10. Vyakula vyote vya nyongeza kwa jumla visizidi sehemu moja ya kumi ya mlo wake wa siku.

Hatua ya 4. Tenga chakula chake kabla ya kuunga. Hapa ndipo watu wengi hukosea. Kachumbari, rosti, mchuzi wa dagaa: vyote vina kitunguu maji, na kitunguu huvunja chembe nyekundu za damu ya mbwa. Gramu 15 hadi 30 kwa kila kilo ya uzito wake zinatosha kuleta madhara. Kwa mbwa wa kilo 10 hiyo ni kuanzia gramu 150, yaani kitunguu kimoja kikubwa. Kukipika hakuondoi sumu, na kidogokidogo cha kila siku nacho hujumlika. Kitunguu saumu ni kikali zaidi. Ubaya wake ni kwamba dalili huweza kuchelewa siku kadhaa: fizi hupauka, mkojo huwa wa kahawia, mbwa anahema na kulegea, na wewe umeshasahau alikula nini.

Basi mpikie dagaa wake kwa maji matupu, bila chumvi.

Hatua ya 5. Zungushia bustani. Aina fupi kama Cal-J huzaa karibu na ardhi, na mbwa mtoto hutafuna chochote. Matawi unayopogoa usiyaache chini. Na kama umepiga dawa, mfungie mbwa mbali na shamba.

Maswali ya wanakikundi

*Shikamoo mwalimu. Wangu amekula nyanya za kijani tatu, anatokwa ute mdomoni. Nimpe maziwa?*
Marahaba. Maziwa hayaondoi sumu, na usimnyweshe maji ya chumvi ili atapike. Chumvi yenyewe inaweza kumuua. Mpigie daktari wa mifugo sasa hivi, umwambie uzito wa mbwa, kiasi alichokula na saa. Wengi huishia kutapika na kuharisha tu, lakini akilegea, akiyumba au mboni zikitanuka, mpeleke bila kungoja. Kama shamba lilipigwa dawa, beba na kopo lake.

*Nyanya ya kopo je?*
Soma lebo. Ikiwa ni nyanya tupu, kijiko kimoja si neno. Tomato sosi hapana: ina sukari, chumvi, na mara nyingi unga wa kitunguu.

*Dada, sisi tumelisha mbwa mchuzi wenye vitunguu miaka yote na hawajafa.*
Naamini. Mchuzi mwingi ugali mchache ni nadra kwenye sahani ya mbwa, ndiyo maana wengi hupona. Lakini damu ikipungua polepole utadhani ni uzee au kupe, na kupe kweli nao huleta homa zinazomaliza damu. Mbwa wa namna hiyo apimwe damu, na daktari aambiwe habari ya vitunguu.

*Nimeona mbegu za nyanya kwenye kinyesi chake, nzima kabisa.*
Kawaida. Hata chetu. Ukiona zimeota nyuma ya banda, usishangae, ila ng'oa miche hiyo kabla hajaigundua.